Rivolva ndogo ya kubeba kila siku: Wamarekani huichaguaje, na mhamiaji ajue nini?

Mtu anayeingia kwa mara ya kwanza katika duka la silaha nchini Marekani na kusema anatafuta bastola ya kubeba kila siku, mara nyingi huwekewa mkononi rivolva ndogo ya risasi 5. Ni nyepesi, haina vitufe vya kuchanganya, na inaingia mfukoni. Ushauri huo umetolewa kwa miaka mingi, hasa kwa wanawake na wazee.

Walimu wengi wa kulenga shabaha hawakubaliani nao. Wanasema bastola hiyo ni rahisi kuibeba, lakini ni miongoni mwa bastola zilizo ngumu zaidi kupiga vizuri. Mnunuzi hugundua hilo baadaye, akiwa tayari amelipa.

Suala hili linawahusu pia Waafrika Mashariki wanaoishi Marekani. Wapo madereva wa malori na teksi, wenye maduka na wahudumu wa zamu za usiku wanaojiuliza kama wabebe silaha kama wanavyofanya majirani zao. Katika makala haya hatumshauri mtu anunue silaha wala asinunue. Tunaeleza rivolva inafanyaje kazi, watu huipima kwa vigezo gani, na ni sheria zipi zinazoweza kumgharimu mhamiaji asiyezijua.

Rivolva ni bastola ya namna gani?

Bastola za mkononi zinazouzwa leo ni za aina kuu mbili. Ya kwanza ni bastola ya magazini. Risasi hupangwa ndani ya mpini, na kila unapopiga, bastola hutupa ganda nje na kuingiza risasi nyingine yenyewe. Ya pili ni rivolva. Hii ina silinda yenye matundu 5, 6 au zaidi, kila tundu na risasi yake. Ukivuta kifyatulio, silinda huzunguka, nyundo hurudi nyuma kisha huanguka na kugonga fataki ya risasi.

Tofauti kubwa ni kwamba katika rivolva, nguvu ya kuzungusha silinda na kurudisha nyundo hutoka kwenye kidole chako. Kwa sababu hiyo kifyatulio chake ni kizito na kina safari ndefu. Rivolva ndogo nyingi hudai nguvu ya kilo 4.5 hadi 5.5, wakati bastola nyingi za kisasa za magazini hudai nusu ya hapo au zaidi kidogo.

Hili lina pande mbili. Kifyatulio kizito hakivutwi kwa bahati mbaya kirahisi, na risasi ikikataa kulipuka, unavuta tena tu na silinda inaleta nyingine. Lakini kuvuta uzito wa kilo 5 kwa kidole kimoja, huku umeshika kitu chenye uzito wa gramu 400, bila kuyumbisha mtutu, ni kazi inayohitaji mazoezi.

Kwa nini bado ipo?

Samuel Colt alipata hati miliki ya rivolva yake nchini Marekani mwaka 1836. Mwaka 1857 kampuni ya Smith & Wesson ilianza kuuza rivolva iliyotumia risasi zenye ganda la chuma badala ya baruti ya kushindilia. Mwaka 1927 Colt ilileta Detective Special, rivolva ya risasi 6 yenye mtutu wa inchi 2, iliyokusudiwa kubebwa chini ya koti. Mwaka 1950 Smith & Wesson ikajibu kwa Chiefs Special, iliyokuwa ndogo zaidi na yenye risasi 5. Rivolva nyingi za mfukoni zinazouzwa leo zinafuata umbo hilo.

Hadi miaka ya 1980 polisi wengi wa Marekani walibeba rivolva. Mabadiliko yaliharakishwa na tukio la Aprili 11, 1986 mjini Miami, ambapo maafisa wa FBI walipambana na majambazi wawili wa benki. Maafisa wawili waliuawa na watano wakajeruhiwa. Wengi wao walikuwa na rivolva, na mmoja aliyejeruhiwa mkononi alishindwa kuijaza tena yake. Aliyemaliza mapambano hayo, Edmundo Mireles, alitumia bunduki ya marisau kwa mkono mmoja kisha rivolva yake. Baada ya hapo FBI na idara nyingi za polisi zilihamia kwenye bastola za magazini, zenye risasi nyingi zaidi na zinazojazwa haraka.

Raia waliendelea kununua rivolva kwa sababu mahitaji yao si ya polisi. Polisi huvaa bastola kiunoni waziwazi na hutumwa kwenda kwenye hatari. Raia anataka kitu kisichoonekana, kinachokaa siku nzima bila kumsumbua, na anaomba asikihitaji kamwe.

Uzito: nyepesi mfukoni, nzito mkononi

Hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo. Bastola inapopiga husukuma mkono nyuma, au kama wengi wanavyosema, hupiga teke. Kadiri bastola ilivyo nyepesi, ndivyo teke linavyokuwa kali.

Chukua mifano mitatu inayouzwa sana. Smith & Wesson 642, yenye fremu ya aluminiamu, ina uzito wa gramu 410 hivi bila risasi. Ruger LCR, iliyotoka mwaka 2009 na yenye sehemu ya chini ya plastiki ngumu, ina gramu 380 hivi. Ruger SP101 ni ya chuma kitupu na inapita gramu 700. Mbili za kwanza utazisahau mfukoni. Ya tatu utaihisi siku nzima, inavuta suruali chini. Lakini kwenye uwanja wa shabaha mambo hugeuka: mtu anaweza kupiga risasi 50 kwa SP101 bila shida, huku mwenye ile ya gramu 380 akiweka chini baada ya risasi 15 kwa sababu kiganja kinauma.

Asiyependa kupiga hafanyi mazoezi, na asiyefanya mazoezi hukosa shabaha. Risasi iliyokosa shabaha haipotei hewani. Inaendelea hadi ukutani, kwenye gari la jirani au kwa mtoto aliye ng'ambo ya barabara.

Ufupi wa mtutu nao una gharama. Katika rivolva ya mtutu wa inchi 2, umbali kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele ni mdogo sana, hivyo kosa dogo la mkono hukuzwa. Ndiyo maana walimu wengi humwambia mwanafunzi atafute bastola kubwa kadiri atakavyoweza kuibeba kila siku, si ndogo kadiri atakavyoipata.

Risasi ya aina gani?

Rivolva ndogo nyingi hutumia risasi ya .38 Special, iliyoanza kutengenezwa mwishoni mwa karne ya 19. Inapatikana kila mahali, na teke lake linavumilika kwenye bastola yenye uzito wa wastani.

Nyingine hutumia .357 Magnum, iliyotoka miaka ya 1930. Hii ina nguvu zaidi, na wauzaji hupenda kuisifu. Kwenye rivolva nyepesi, hata hivyo, mlio na mwako wake ni mkali mno, na mkono huruka kiasi kwamba kupiga mara ya pili kwa usahihi huchukua muda. Faida yake ni moja: rivolva ya .357 inaweza kupiga risasi za .38 pia. Kinyume chake hakiwezekani. Risasi ya .357 haipaswi kamwe kutumiwa katika rivolva iliyotengenezwa kwa .38. Wengi hununua ya .357 kwa ajili ya uimara wake, kisha huijaza .38.

Kwa mwenye mikono dhaifu, ugonjwa wa viungo au umri mkubwa, zipo rivolva za .22 zenye risasi 8, na za .32 zenye risasi 6 katika umbo lilelile. Teke lake ni dogo sana. Risasi za .22 lakini hukataa kulipuka mara nyingi zaidi kuliko nyingine, na kifyatulio cha rivolva zake mara nyingi ni kizito hata zaidi, kwa hiyo mtu ajaribu kabla ya kununua.

Nyundo, mpini na silinda

Rivolva za kubeba huja na nyundo ya nje au iliyofichwa ndani ya fremu. Nyundo ya nje hukuruhusu kuirudisha kwa dole gumba, na hapo kifyatulio huwa chepesi sana. Kwa kulenga shabaha ni raha. Kwa kubeba ni tatizo: nyundo hukwama kwenye nguo, na mtu aliyejawa na hofu akiwa ameshika kifyatulio chepesi anaweza kupiga bila kukusudia. Ndiyo maana wanaobeba mfukoni hupendelea nyundo ya ndani.

Mpini mdogo unajificha vizuri, lakini kidole cha mwisho hakipati pa kushika. Mpini wa mpira ulio mrefu kidogo hupunguza teke, ila huonekana zaidi na hung'ang'ania kitambaa.

Silinda ndiyo sehemu nene zaidi, na ndiyo inayofanya umbo la bastola lionekane chini ya shati. Pia kuna mwanya mwembamba kati ya silinda na mtutu ambapo gesi ya moto hutoka kwa nguvu kila unapopiga. Aliyezoea bastola ya magazini na kuweka kidole hapo anaweza kuungua au kukatwa vibaya.

Je, ni kweli kwamba rivolva haikwami? Si kweli kabisa. Hukwama mara chache, lakini ikikwama huwa kazi ya fundi. Uchafu ukiingia chini ya kifaa kinachosukuma maganda nje, silinda inaweza kukataa kufunga. Kwenye rivolva nyepesi sana, teke linaweza kuvuta kichwa cha risasi kutoka kwenye ganda lake hadi kizuie silinda isizunguke.

Halafu kuna hesabu ya risasi. Ni 5. Kuijaza tena huchukua sekunde nyingi kwa mtu asiyezoea, hata akiwa na kishikio maalumu kinachoingiza risasi zote kwa pamoja. Anayechagua rivolva ndogo anakubali kikomo hicho tangu mwanzo.

Inabebwaje?

Bila ala, hakuna kubeba salama. Ala nzuri hufunika kifyatulio chote, hushikilia bastola isigeuke, na hubaki mahali pake bastola inapochomolewa. Mfukoni kuwe na ala ya mfukoni na bastola tu. Ufunguo au kalamu inaweza kupenya na kusukuma kifyatulio. Ya kiunoni huhitaji mkanda imara.

Wengi huweka kwenye mkoba au begi, na hapo ndipo makosa hutokea. Mkoba huachwa kwenye kiti, huporwa, hufunguliwa na mtoto anayetafuta pipi. Au husahaulika: mwaka 2023 maafisa wa usalama wa viwanja vya ndege Marekani walikamata silaha zaidi ya 6,700 kwenye vituo vya ukaguzi wa abiria, nyingi zikiwa na risasi ndani. Maelezo ya kawaida ya waliokamatwa ni kwamba walisahau.

Sheria: kinachomhusu mhamiaji

Katiba ya Marekani, katika Marekebisho ya Pili, inalinda haki ya kuwa na silaha. Namna ya kuibeba hutegemea jimbo. Kufikia katikati ya mwaka 2024, majimbo 29 yalikuwa yanaruhusu watu wazima wenye sifa kubeba bastola iliyofichwa bila kibali, yakiwemo Texas tangu 2021 na Ohio tangu 2022. Minnesota inadai kibali. New York ilimtaka mwombaji athibitishe sababu maalumu hadi Juni 2022, Mahakama ya Juu ilipofuta sharti hilo katika kesi ya Bruen. Kibali chenyewe kilibaki.

Kibali cha jimbo moja hakitambuliwi kila mahali. Dereva wa lori anayetoka Columbus, Ohio, akiwa halali kabisa na bastola yake, anaweza kuwa mhalifu akiingia New York, kwa sababu jimbo hilo halitambui vibali vya majimbo mengine.

Hadhi ya uhamiaji ni jambo zito zaidi. Mwenye kadi ya kijani anaweza kununua na kumiliki silaha chini ya sheria ya shirikisho. Mwenye viza ya muda, kama ya masomo au utalii, kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa kwa hali chache kama vile kuwa na leseni ya uwindaji. Aliye nchini bila kibali haruhusiwi kabisa. Kushika tu, hata kwenye uwanja wa shabaha alikopelekwa na rafiki, kunaweza kumletea kesi.

Mnunuzi dukani hujaza fomu ya shirikisho nambari 4473 na kuchunguzwa rekodi zake. Kudanganya kwenye fomu hiyo ni kosa la jinai. Fomu huuliza pia kuhusu bangi, na kwa sheria ya shirikisho mtumiaji wa bangi hahesabiwi kuwa na sifa hata kama jimbo lake linairuhusu. Aliyewekewa amri ya mahakama kwa kutishia mwenza wake naye huzuiwa kuwa na silaha. Mahakama ya Juu ilithibitisha hilo mwaka 2024 katika kesi ya Rahimi.

Kwa raia, kosa la silaha ni faini au kifungo. Kwa asiye raia, hata mwenye kadi ya kijani, hukumu ya kosa la silaha inaweza kuwa sababu ya kurudishwa alikotoka. Mwenye shaka yoyote aonane na wakili wa uhamiaji kabla ya kwenda dukani.

Na kwa anayesafiri nyumbani: Kenya na Tanzania humiliki silaha kwa leseni ya serikali tu. Kibali cha Texas au Ohio hakina maana yoyote Nairobi au Dar es Salaam. Hata risasi moja iliyosahaulika kwenye begi lililowahi kubeba bastola inaweza kumlaza mtu kituo cha polisi. Begi la bastola lisiwe begi la safari.

Ukisimamishwa na polisi

Julai 6, 2016, huko Falcon Heights, Minnesota, Philando Castile alisimamishwa barabarani. Alikuwa na kibali cha kubeba silaha, na alimwambia afisa kwamba anayo. Sekunde chache baadaye afisa huyo, Jeronimo Yanez, alimpiga risasi na kumuua, mchumba wake na mtoto wa miaka 4 wakiwa ndani ya gari. Mwaka uliofuata jopo la mahakama lilimwachia Yanez huru.

Familia nyingi za Kiafrika nchini Marekani huizungumzia kesi hiyo zinapojadili silaha. Majimbo mengine humtaka anayebeba aseme mara moja anaposimamishwa, mengine akiulizwa tu. Ushauri wa walimu wengi ni mikono juu ya usukani, kusema taratibu, na kutogusa chochote hadi afisa aelekeze. Castile anatukumbusha kwamba kibali hakiondoi hatari, na kwamba silaha yenyewe inaweza kuongeza hatari nyingine usiyoihesabu.

Saa nyingine zote za siku

Anayenunua rivolva huwaza mwizi wa usiku. Lakini kwa karibu saa zote za maisha yake, bastola hiyo itakuwa nyumbani, karibu na watu anaowapenda. Mwaka 2022 watu zaidi ya 48,000 walikufa kwa risasi Marekani, na zaidi ya nusu yao walijiua. Tangu mwaka 2020 risasi zimekuwa zikiongoza katika vifo vya watoto na vijana wa umri wa mwaka 1 hadi 19.

Kifyatulio kizito cha rivolva hakimzuii mtoto; mtoto hutumia vidole gumba viwili. Juu ya kabati au chini ya godoro si maficho. Sanduku dogo la chuma linalofungwa kwa namba ndilo linaloaminika, na gharama yake ihesabiwe pamoja na bei ya bastola.

Na kama kuna mtu nyumbani anayepitia huzuni nzito, msongo wa madeni au kutengana na familia, basi silaha isiingie kwa sasa, na iliyopo ihifadhiwe kwingine. Nchini Marekani, nambari 988 hupokea simu za watu walio katika hali hiyo saa 24.

Kabla ya kulipa

Kwa anayeamua kuendelea, walimu hupendekeza hatua rahisi: nenda uwanja wa shabaha unaokodisha bastola, ukiwa na vifaa vya kulinda macho na masikio. Kodi rivolva mbili za uzito tofauti na bastola moja ya magazini. Piga risasi 30 kwa kila moja, umbali wa mita 5 hadi 7. Kisha angalia karatasi ya shabaha badala ya kumsikiliza muuzaji.

Karatasi itakuonyesha ni ipi unayoweza kuimudu. Mkono utakuambia ni ipi utakayorudi kufanya nayo mazoezi mwezi ujao. Ikiwa hakuna hata moja unayotaka kurudi nayo, umepata jibu pia, na hujapoteza zaidi ya ada ya siku moja.